Mama Iko Kavimvira

Juzi niliagiza viti sita kwa kijana mmoja wa hapa Kimanga, mtaani kwetu Uvira, fundi mwenye mashine ya umeme na maneno mengi. Nilipopita kuangalia kazi, nilimkuta ameulaza mguu wa kiti kilichokwisha juu ya ubao, anauchora pembeni kwa biki ili akate mwingine. Harufu ya mvule uliokatwa karibuni ilikuwa imejaa pale, ile harufu kali inayowasha pua na kukaa kwenye nguo hadi uzifue mara mbili. Kabla sijafikiri, mdomo wangu ukasema: "Mutoto hazai mutoto. Rudi kwa mama." Kijana akanitazama kwa ile huruma wanayopewa watu wa umri wangu wanapoanza kuchanganyikiwa. Sikumweleza. Nilitoka nje nikakaa juu ya gogo lake.

Maneno hayo yalikuwa ya baba yangu. Baba alikuwa fundi wa mbao, na kwa kuwa hakuwa na mashine hata moja, alijitengenezea mwenyewe vitu vya kumwongoza mkono. Alikuwa na kisanduku kisicho na kifuniko, chenye mipasuko pande zote mbili, ambacho msumeno ukipita ndani yake lazima ukate pembe ya dirisha bila kukosea. Alikuwa na kipande cha mti chenye matundu matatu cha kuonyesha keekee ipite wapi, na msumari uliokatwa kichwa wa kuzuia kazi isisogee. Lakini mkubwa wa vyote ulikuwa ubao mmoja wa mvule uliochongwa umbo la mguu wa nyuma wa kiti, ule mguu mrefu unaopinda kidogo kiunoni kisha ukapanda kuwa egemeo. Mafundi waliosomea shule ya ufundi waliuita gabari. Baba, aliyejifunza kwa kutazama, aliuita mama. Miguu yote iliyochorwa kutoka kwake ilikuwa watoto.

Na sheria yake ilikuwa moja: usichore mtoto kutoka kwa mtoto. Unene wa mstari wa penseli ni mdogo, jicho haliuoni, lakini kila ukichora mguu kutoka kwa mguu mwingine unauongeza, na ukifika kiti cha kumi unacho kiti kinachoyumba sakafuni na hujui kosa lilianzia wapi. Kazi ikikusumbua, acha ubishi, rudi kwa mama.

Haya yote nayajua leo. Wakati ule sikujua hata moja, kwa sababu karakana ya baba ilikuwa barabarani, mbali kidogo na nyumbani, na mama yangu hakutaka nifike huko. Alisema misumeno haina macho. Mimi nilimjua baba kama mtu anayerudi jioni na maranda kwenye nywele, anayekaa kimya hadi amalize kula, kisha anauliza kama nimesoma.

Kisha vita vikaja. Siwezi tena kuvitenganisha, maana vilikuja zaidi ya mara moja, na kila mara na watu wengine. Ninyi mliokuwepo mnajua. Katika siku za utulivu kidogo mama alikwenda Luvungi kuchukua mihogo kwa bibi mzaa mama. Alisema atalala huko siku mbili. Siku ya pili tulisikia milio kutoka upande wa bonde la Ruzizi, na malori yakaacha kupita. Baba akangoja, akashindwa kungoja, akaenda kwa miguu. Alirudi baada ya siku sita, peke yake, miguu imevimba. Alikunywa maji kopo zima bila kupumzika, kisha akaniambia kwamba mama amebaki Luvungi kwa sababu barabara imefungwa. Nikamuuliza itafunguliwa lini. Akasema hajui. Shangazi yangu, dada yake mkubwa aliyekuwa amehamia kwetu, akainuka akaingia chumbani na kufunga mlango.

Mtoto wa Uvira anajua kifo kinavyoonekana. Turubai hufungwa uani, viti vya majirani hukusanywa, wanawake hulala chini kwenye mikeka, kwaya huja na nyimbo zake, na sufuria ya chai haishuki jikoni. Kwetu hakukuwa na turubai wala wimbo. Majirani walikuja mmoja mmoja, wakamshika baba mkono na kuondoka upesi, kwa sababu siku hizo askari hawakupenda kuona watu wengi pamoja. Wanawake walinigusa kichwa kwa namna ambayo hawakuwa wakinigusa zamani, na mmoja alinipa ndizi mbivu bila sababu. Niliila nikafurahi. Hakuna matanga, kwa hiyo hakuna aliyekufa. Akili yangu ya miaka minane iliridhika kabisa na hesabu hiyo.

Mji ulipotulia kidogo, baba alikuta karakana yake imezolewa yote, viti, vitanda, hata misumari iliyopinda. Vile vipande vyake vya kuongoza mkono tu ndivyo vilivyobaki vimetupwa chini, maana kwa mwizi vilikuwa kuni. Akavikusanya, akahamisha kazi uani kwetu, chini ya paa la jiko, pamoja na Byamungu aliyekuwa akimsaidia. Byamungu alikuwa mwanaume mzima mwenye mke na ndevu. Ndiyo maana siku ya kwanza niliposikia baba akimwambia arudi kwa mama, nilidhani anamtukana, anamfukuza kwao kama mtoto aliyejikojolea. Nilicheka hadi Shangazi akanipiga kofi la mgongo.

Asubuhi moja nilikuwa nyuma ya ukuta wa jiko nachambua sombe, majani ya muhogo ya mboga. Byamungu alikuwa akilalamika kwamba kiti hakitulii chini.

"Nilichora ku ule mwengine," alisema.

"Nilikuambia nini? Rudi kwa mama."

"Sasa mama iko wapi, Patron? Hapa haiko."

Nilisikia randa ya baba ikipita mara moja kwenye ubao, ndefu, kisha ikanyamaza. "Mama iko Kavimvira, kwa Sebastiani. Barabara ikituliya nitaenda kumuleta."

Niliacha sombe. Nilielewa kila kitu kwa mara moja, na kila nilichokielewa kilikuwa kosa. Mama alikuwa ametoka Luvungi kwa miguu, amekatiza bonde lote, amefika Kavimvira pale mpakani na Burundi, na amechoka. Sasa amekaa kwa Fundi Sebastiani anangoja kuchukuliwa. Na baba anajua. Baba anajua, na bado anapiga randa. Sikujiuliza kwa nini hakuniambia, kwa sababu siku hizo watu wazima walikuwa wakificha hata chumvi. Nilijua sababu moja tu ya mwanaume kukaa nyumbani wakati mkewe anamngoja mwendo wa asubuhi moja: alikuwa mwoga. Niliona aibu kwa ajili yake. Nikaamua nitakwenda mimi.

Kesho yake Shangazi alinituma ziwani kuchota maji. Nilificha kibidoni, kidumu changu cha maji, nyuma ya ua wa jirani. Ndani ya gauni langu nilikuwa nimekunja kitenge cha mama, kile chenye ndege wa njano, kwa kuwa nilifikiri nguo zake zitakuwa zimechafuka njiani na hatapenda kupita mjini hivyo. Mama alikuwa mtu wa usafi. Nilifikiria hilo, lakini sikufikiria maji, wala chakula, wala nitasema nini nikikutana na watu wenye bunduki.

Nilipita nyumba nyingi zisizo na milango. Kwa kuwa nilikuwa mtoto wa fundi, hicho ndicho nilichokiona kwanza: mahali pa mlango pamebaki tundu, na mahali pa dirisha pamewekwa shuka au hakuna kitu. Nilivuka daraja la mto Mulongwe. Mbele kidogo kulikuwa na kamba iliyofungwa toka upande mmoja wa barabara hadi mwingine, na askari wawili wamekaa kwenye kochi la mtu.

"Weye, unaenda wapi?" aliuliza mmoja.

"Ninaenda kuleta mama."

"Mama yako iko wapi?"

"Iko Kavimvira, kwa Fundi Sebastiani. Papa amenituma."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo, na nililisema vizuri kuliko ukweli. Askari alinitazama muda. Kisha akainuka akaishusha ile kamba hadi chini, ingawa ningeweza kupita chini yake bila kuinama sana, na akangoja niipite kabla hajaipandisha. Mpaka leo sijui kwa nini alifanya vile. Wengine hawakupitishwa pale.

Kavimvira, mahali ambapo wabadilishaji fedha walizoea kukaa na meza zao, hapakuwa na meza. Niliuliza mara mbili, nikafika. Fundi Sebastiani alikuwa Mkatoliki wa bonde, mtu wa Kirundi, mwenye rozari shingoni na masikio yaliyokwisha kuharibika, hivyo alisema kwa sauti ya kuita mtu ng'ambo ya mto. Yeye na baba walikuwa wakisaidiana kazi na kuazimana vyombo tangu zamani. Alinijua, maana alikuwa amekula Noeli kwetu.

"Jambo, Papa Sebastiani," nilisema kwa nguvu. "Nimekuja kuchukua mama. Papa alisema iko kwako."

Uso wake ulifunguka. "Iko hapa. Minye nilimuficha muzuri. Askari waliingia humu mara mbili, walibeba bintu byote, yeye hawakumuona. Iko chini ya kitanda."

Akaingia ndani. Nilisimama uani. Nilimwonea mama huruma, kulala chini ya kitanda siku zote hizo, yeye asiyependa vumbi. Nikatoa kitenge, nikakikunjua, nikakishika mikono miwili tayari kumfunika akitoka. Furaha niliyokuwa nayo pale uani sijaipata tena, na nimeolewa, na nimezaa watoto wanne.

Sebastiani alitoka na kitu kirefu kilichofungwa kwenye gunia la mahindi. Akalivua gunia, akapuliza vumbi, akaniwekea mikononi ubao mwekundu uliopinda katikati. "Huyu hapa. Mushike muzuri, asianguke. Akipasuka, baba yako na minye tumekwisha."

Niliupokea. Nilidhani anatoa kwanza mizigo yake. Nikatazama mlango nyuma yake, nikangoja, na yeye akasimama akinitazama jinsi ninavyongoja.

"Na mama?" nikauliza.

"Si huyu?"

"Mama yangu."

Hakusikia. Akainama, akaleta sikio karibu, nikarudia. Nikarudia mara ya tatu, na mara hiyo nilitaja jina la mama yangu. Polepole uso wake ukabadilika. Alitazama kitenge, akautazama ubao, akakaa juu ya kigogo chake cha kazi. Alisema kitu kwa Kirundi, chini chini, na hiyo ndiyo mara pekee niliyomsikia akisema kwa sauti ndogo. Kisha akaniuliza kama baba yangu hakuniambia. Nikamuuliza aniambie nini. Alikwenda kuniletea maji, nikayanywa, meno yangu yakigonga kikombe. Sijui kama nilijua wakati ule. Mwili ulijua.

Ubao ulikuwa mrefu kwa mikono yangu. Sebastiani alitaka kuubeba mwenyewe, nikakataa, nikaushika kwa nguvu kwa sababu ndio uliokuwa umeitwa mama na sikuwa na mwingine. Basi akachukua kitenge, akanifungia ubao mgongoni jinsi mtoto anavyobebwa, akafunga fundo kifuani. Tukaondoka. Kwenye kamba yeye ndiye aliyesema na askari. Yule wa asubuhi aliniuliza kama nimempata mama, nikatazama chini.

Tulikuwa tumekaribia Mulongwe nilipomwona baba. Alikuwa anakuja mbio, kandambili mguu mmoja, mguu mwingine mtupu, na mkononi ameshika kibidoni changu cha maji. Alikuwa amekiona nyuma ya ua, na tangu hapo alikuwa amezunguka kandokando ya ziwa lote akiwauliza wavuvi kama wameona mtoto majini. Alipotuona alisimama. Sebastiani alimwendea, akamweleza kwa Kirundi, maneno machache, kisha akajitenga akasimama akitazama mto. Baba akaweka kibidoni chini. Akanifungua kitenge kifuani, akautoa ubao mgongoni mwangu, akauegemeza kwenye ukuta wa daraja.

"Ulisema mama iko Kavimvira," nikamwambia.

"Nilisema huu ubao. Ni sisi mafundi tunauita vile."

"Mama iko wapi?"

Akakaa juu ya mawe, akanivuta nisimame mbele yake, macho yetu yakawa sawa.

"Mama yako alikufa, Riziki. Nilimukuta mu shamba, pembeni ya barabara, mbele kidogo ya Luvungi. Nilimuzika na hii mikono."

Nikamwambia anadanganya, kwa kuwa hatukufanya matanga. Nilisema hivyo mara nyingi, nikimpiga kifuani kwa ngumi, naye akaniacha nipige.

"Nilishindwa kusema," akasema. "Ningekuambia, ungeniuliza nilimuzika ndani ya nini. Watu wa Uvira wote, muntu akikufa, wanakuja kwangu kutafuta sanduku. Minye ndiye fundi. Na mama yako nilimuzika mu udongo mutupu, bila ubao hata moja."

Hapo akalia. Nilikuwa sijawahi kumwona mwanaume akilia, na nilishtuka kuona kwamba halii kwa kificho. Watu walipita na mizigo yao kichwani, wakapunguza mwendo, wakapita. Sikujua mkono wangu niuweke wapi. Niliuweka kichwani pake, jinsi wale wanawake walivyoniwekea mimi.

Siku tatu baadaye Shangazi alikaribisha wanawake watano wa jirani, wasiozidi, wakakaa kwenye mikeka mchana na kuimba kwa midomo iliyofungwa ili sauti isitoke uani. Hayo ndiyo yalikuwa matanga ya mama yangu. Tangu hapo sikusikia tena baba wala Byamungu wakitamka neno lile nikiwa karibu. Wakiuhitaji waliuita "ule ubao" tu.

Nitasema wazi kwamba nilimkasirikia baba. Sikumkasirikia kwa kunificha, maana hilo kila mzazi alilifanya wakati ule na mimi mwenyewe nimelifanya kwa watoto wangu. Nilimkasirikia kwa sababu alinipa siku zile nyingi za kungoja. Kila gari lililopunguza mwendo, nilikimbilia barabarani. Nilimwekea mama chakula chini ya kawa, na baba aliniona nikiweka, na akala chake. Mtoto hasamehe upesi kama watu wanavyodhani. Nilimsaidia kushika mbao, nilimletea maji, lakini nilikaa muda mrefu bila kumwita Papa.

Misimu miwili ya mvua ilipita kabla ya barabara kufunguka vizuri. Asubuhi moja baba aliniambia nivae viatu. Tulipanda lori la watu wa mihogo hadi Luvungi, tukamsalimu bibi ambaye hakuona vizuri tena, kisha tukaendelea kwa miguu. Baba alikuwa ameniambia njiani kwamba anapajua mahali penyewe: kulikuwa na mti mmoja mkubwa pembeni ya lami, na kutoka mtini ni hatua arobaini kuelekea mto Ruzizi.

Hapakuwa na mti. Watu walikuwa wameukata kwa makaa, na hata kisiki kilikuwa kimeng'olewa. Pande zote ilikuwa mihogo, mirefu kunizidi mimi, maana ilikuwa miaka ya njaa na waliorudi walilima hadi ukingo wa lami. Baba alipiga hatua arobaini kutoka mahali pamoja, akarudi, akapiga kutoka mahali pengine. Mikono yake ilikuwa imenyooshwa mbele kidogo, kama anatafuta kitu gizani, na jua lilikuwa kali. Mtu ambaye watu walisema jicho lake linapima kuliko mita alikuwa amepotea katika shamba la mihogo. Mara ya nne alisimama katikati ya mistari, na nikaona kwamba hataweza kupiga ya tano. Hasira yangu yote iliisha pale. Nilimwita Papa, nikamshika mkono.

Mwanamke mmoja akatokea kwenye mihogo na jembe begani. Hakuwa kijana, na Kiswahili chake kilikuwa cha watu wa bonde wanaosema Kirundi nyumbani. Alituuliza tunatafuta nini mu shamba yake. Nikajibu mimi.

"Tunamutafuta mama yangu."

Mwanamke alinitazama, akamtazama baba, akashusha jembe begani na kuliacha chini. Akasema tumfuate. Tukapita mstari kwa mstari, majani yakitugusa usoni, hadi mihogo ikakatika ghafla. Katikati ya shamba kulikuwa na mahali pasipo na muhogo hata mmoja, majani mafupi tu, urefu wa mtu aliyelala.

"Nilirudi kutoka Burundi nikakuta udongo mupya hapa," akasema. "Nikajua ni muntu. Sikujua ni wa nani. Hapa sijalima."